Kadi moja ya mtandao, anwani mbili au zaidi: njia ipi inafaa nyumbani?

Fundi_Donholm

Wadau, habari za jioni. Nafanya kazi ndogondogo za kamera na Wi-Fi mitaa ya huku Eastlands, na vifaa vya wateja huwa navipanga nikiwa nyumbani kabla ya kwenda kuvifunga. Rauta ya faiba hapa kwangu inagawa 192.168.100.x. Shida ni kwamba kila kifaa ninachotoa Luthuli (barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi) kina anwani yake ya kiwandani: Hikvision 192.168.1.64, Dahua 192.168.1.108, MikroTik 192.168.88.1, zile antena za Ubiquiti 192.168.1.20. Kila mara nabadilisha anwani ya kompyuta kwa mkono ndipo niingie kwenye kifaa, intaneti inakatika, nikitaka kupakua kitu narudi kwenye DHCP (rauta inipe anwani yenyewe), kisha naanza upya. Inachosha.

Naona watu wakitaja njia kama nne: kuongeza anwani ya pili kwenye kadi ile ile, kununua adapta ya LAN ya USB, VLAN (kugawa mtandao mmoja sehemu zilizotengana), na mambo ya macvlan (kadi moja ionekane kama kadi kadhaa) au mashine pepe. Kompyuta ni ya mezani, ina Ubuntu na Windows 10. Mnashauri ipi, na kwa nini?

DadaSeva

Fundi, usinunue chochote bado. Kadi moja inabeba anwani nyingi bila shida. Kwenye IPv6 hiyo ndiyo desturi kabisa: andika `ip addr` sasa hivi, huenda ukakuta kadi yako ina anwani inayoanza na fe80 kando ya ile uliyopewa na rauta. Ni kama simu ya laini mbili, chombo kimoja na namba mbili.

Ya kujaribu ni hii:

`sudo ip addr add 192.168.1.10/24 dev enp3s0`

Hapo kwenye enp3s0 weka jina la kadi yako. Papo hapo utapiga ping 192.168.1.64 na kamera itajibu, huku intaneti ikiendelea kupitia 192.168.100.1. Kinachotokea ni kwamba kernel (kiini cha mfumo) inaongeza mstari kwenye jedwali lake la njia, unaosema 192.168.1.0/24 iko papa hapa kwenye kebo, hakuna haja ya kupitia rauta. Pakiti ya kwenda kwa kamera inatoka na 192.168.1.10 kama mtumaji, ya kwenda YouTube inatoka na ile ya 192.168.100. Wewe huchagui, kompyuta inajichagulia.

Amri hiyo haidumu. Stima ikipotea, nayo imeenda. Ya kudumu kwenye Ubuntu ya mezani:

`nmcli connection modify "Wired connection 1" +ipv4.addresses 192.168.1.10/24`
`nmcli connection up "Wired connection 1"`

Jina la muunganisho utalipata kwa `nmcli connection show`. Hiyo alama ya + ina kazi yake: ukiiacha, anwani ulizoongeza mwanzo zinafutwa na kubaki hiyo moja. DHCP haiguswi, inaendelea kama kawaida.

Na tafadhali, anwani ya pili usiipe lango. Kompyuta inataka lango moja la kutokea nje. Ukiipa mawili, intaneti yako itakuwa inakuja na kuondoka na utamlaumu mtu wa faiba bure.

KayoleNet

Mbona mnazunguka? Kwa Hikvision kuna ile programu ya SADP. Inaiona kamera hata kama iko kwenye subneti (kundi la anwani) tofauti, unaiwekea nywila ya kwanza, unaihamishia 192.168.100.x, kazi imeisha.

Fundi_Donholm

@KayoleNet ni kweli, na nimewahi kuitumia. Lakini ni ya chapa moja. Nikiletewa antena au rauta, narudi palepale.

MzeeWaWaya

Dada amesema vizuri, na amri zake ziko sawa. Ila kuna jambo amelipita haraka. Fundi hakusema tu kwamba anataka kufikia anwani mbili. Amesema analeta vifaa vya watu ndani ya mtandao wa nyumba yake. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Chukua MikroTik ya nyumbani ikiwa bado na mipangilio ya kiwandani. Poti ya kwanza ni ya kupokea intaneti. Poti nyingine ni za upande wa ndani, na huko kuna seva ya DHCP inayogawa 192.168.88.x. Fundi akiichomeka poti ya pili kwenye swichi ya nyumbani ili aifikie, kompyuta yake ikiwa na anwani 192.168.88.10, sasa nyumba ina wagawaji wawili. Simu ya mama watoto ikijiunga na Wi-Fi inapaza sauti kwa wote: nani ananipa anwani? Mara nyingi atakayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Simu ikipata 192.168.88.250 na kuambiwa lango ni 192.168.88.1, haina intaneti, maana hiyo MikroTik yenyewe haijaunganishwa popote. Mwenye nyumba anazima na kuwasha rauta ya faiba, na tatizo haliko hapo kabisa.

Niliwahi kuitwa ofisi moja Industrial Area kwa jambo hilohilo. Nusu ya kompyuta zina intaneti, nusu hazina, na nusu hizo zinabadilika kila asubuhi. Kumbe kuna mtu alileta rauta yake ndogo na kuichomeka chini ya meza.

Anwani ya pili haitenganishi kitu. Inakupa mlango wa kuona subneti nyingine, lakini waya ni uleule, na makelele ya DHCP na ARP (kuuliza nani ana anwani fulani) yote yanapita humo. Kinachotenganisha ni waya. Kwa hiyo mimi nasema adapta ya USB, kebo yake, na hata swichi yake ndogo ya mezani. Vifaa vya wateja vikae huko.

DadaSeva

Mzee, kwa MikroTik nakubali. Kwa kamera sikubali. Kamera hizo alizotaja zinakaa kimya kwenye anwani yake isiyobadilika na hazigawi chochote. Mtu mwenye kamera moja nyumbani hana sababu ya kwenda Luthuli kununua adapta.

MzeeWaWaya

Mwenye kamera moja, sawa. Huyu ni fundi. Leo kamera, kesho rauta ya mtu iliyotoka kwa mtoa huduma mwingine na DHCP yake imewashwa.

Kipanya_254

Upande wa Windows hakuna aliyeugusa, na ndiko kwenye usumbufu. Ukienda `ncpa.cpl`, ukafungua kadi, ukaingia IPv4 kisha Advanced, utakuta huwezi kuongeza anwani maadamu umeacha ichukue anwani yenyewe. Wengi wanaishia kuweka kila kitu kwa mkono: anwani ya rauta, lango, DNS, halafu ndipo wanaongeza ya pili. Inafanya kazi, lakini siku ukibadilisha mtoa huduma na rauta mpya ikaja na 192.168.0.x, unaanza kujiuliza kwa nini huna intaneti.

Tangu toleo la 1703 la Windows 10 kuna njia ya kuviacha viwili vikae pamoja. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi:

`netsh interface ipv4 set interface interface="Ethernet" dhcpstaticipcoexistence=enabled`
`netsh interface ipv4 add address "Ethernet" 192.168.1.10 255.255.255.0`

Kwisha. DHCP inabaki, na ya mkono inakaa hata ukizima na kuwasha. Kwenye zile skrini za kubofya hutakiona kitu hiki, kiko kwenye amri tu. Sijui kwa nini Microsoft wamekificha hivyo.

mwanafunzi_Juja

Na macvlan je? Nimesoma kwamba kila anwani inapata na MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi), kwa hiyo rauta inaona kama kompyuta mbili. Si ndiyo safi zaidi?

DadaSeva

Safi kwa kazi nyingine, mdogo wangu. Macvlan inafaa pale unapotaka kontena au mashine pepe ipewe anwani yake na rauta, kwa mfano seva ndogo ya picha za familia unayotaka ionekane kama kifaa kamili ndani ya nyumba. Ina masharti mawili ambayo huwashangaza wengi. La kwanza, kompyuta mwenyeji na watoto wake wa macvlan hawaongei moja kwa moja kupitia kadi hiyo. Utapiga ping kontena kutoka kwa simu na itajibu, ukipiga kutoka kwa kompyuta inayoibeba, kimya. La pili, kwa Wi-Fi kwa kawaida inagoma, kwa sababu kituo cha Wi-Fi kinatarajia MAC moja kwa kila aliyejiunga. Ukiwa kwenye Wi-Fi tazama ipvlan, ambayo inatumia MAC ileile ya kadi.

Kwa Fundi, anayetaka tu kufungua ukurasa wa kamera kwenye kivinjari, hiyo ni kazi ya ziada bila faida.

KayoleNet

VLAN nayo?

MzeeWaWaya

VLAN ni jibu la mtu anayejenga, si la anayepima. Unahitaji swichi inayoelewa 802.1Q (kanuni ya VLAN), uipange poti kwa poti, na kompyuta iongezewe kiolesura kama enp3s0.20. Ukiwa na kamera nane za kudumu nyumbani na hutaki zione kompyuta za watoto, fanya hivyo, na utafurahi. Kwa kifaa kinachokaa mezani saa moja na kuondoka, hapana.

Mtaa_wa_Seva

Naomba kuingilia kidogo na swali la pembeni. Natengeneza tovuti, nina tatu kwenye kompyuta yangu. Nikiongeza anwani ya pili nitaweza kuweka moja ionekane nje?

DadaSeva

Hapana. Anwani zote hizo za 192.168 ni za ndani, na hazisafiri kwenye intaneti ya umma. Zilitengwa pamoja na 10.0.0.0/8 na 172.16.0.0/12 kwenye RFC 1918 ya mwaka 1996. Tena fungua ukurasa wa rauta yako uone anwani ya upande wa nje: ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, basi hata hiyo si yako peke yako, unashirikiana na majirani nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Hapo hata kufungua poti kwenye rauta hakusaidii, itabidi uwaombe anwani ya umma au upitie seva ya kukodi.

Na kwa tovuti tatu huhitaji anwani tatu. Nginx (programu ya seva ya tovuti) inazitofautisha kwa jina. Ukitaka kuzitenganisha kwa anwani wakati wa majaribio, tumia 127.0.0.2 na 127.0.0.3, kwenye Linux block nzima ya 127 inaitika bila kuongeza kitu. Kompyuta ya Mac ndiyo inayotaka `sudo ifconfig lo0 alias 127.0.0.2` kwanza.

Fundi_Donholm

Asanteni sana wakuu. Nimesoma yote na nimefanya mchanganyiko. Adapta ya USB nilikuwa nayo ya kazi ya laptopu, nimeihamishia kwenye kompyuta ya mezani na kuipa swichi yake ya poti tano, kama Mzee alivyosema. Lakini juu ya adapta hiyo moja nimeweka anwani za subneti zote za kiwandani kwa njia ya dada, ili nisibadilishe kitu tena:

`nmcli connection add type ethernet ifname enx00e04c680001 con-name benchi ipv4.method manual ipv4.addresses "192.168.1.10/24,192.168.88.10/24" ipv4.never-default yes`

Kadi ya asili sijaigusa, iko kwenye DHCP ya rauta. MikroTik ya mteja nimeiwasha mezani na hakuna aliyelalamika sebuleni.

Mambo mawili bado yananitatiza. Nikiandika `ifconfig` naona anwani moja tu kwenye adapta, ingawa zote zinafanya kazi. Na nikimaliza kamera moja ya Hikvision, nikachomoa na kuchomeka nyingine mpya yenye 192.168.1.64 ileile, kwa muda fulani haipatikani.

MzeeWaWaya

La kwanza: `ifconfig` ni chombo cha zamani, kinaonyesha anwani moja kwa kila jina. Ndiyo maana zamani tulikuwa tunaandika eth0:0, eth0:1. Tumia `ip addr`, utaziona zote.

La pili: kompyuta bado inakumbuka MAC ya kamera uliyoichomoa, kwa hiyo inapeleka pakiti kwa kifaa ambacho hakipo. Isahaulishe:

`sudo ip neigh flush dev enx00e04c680001`

Na usichomeke mbili mpya kwa pamoja kwenye hiyo swichi, zote zina namba moja. Moja iwekewe nywila, ibadilishwe anwani, ndipo ya pili iingie.

Kipanya_254

Upande wa Windows kazi hiyohiyo inafanywa na `arp -d *`, kwenye kidirisha cha msimamizi.

Fundi_Donholm

Imekubali. Kamera ya pili imefunguka baada ya flush, naiweka 192.168.1.65 sasa hivi.