Msaada wakuu: tovuti ya gesti inapendeza kwenye kompyuta, kwenye simu haisomeki

Kigoda_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Nimepewa kazi ya kutengeneza tovuti ya gesti moja huku Pangani, laki nne, nusu nimeshapokea. Nilichukua kiolezo cha bure mtandaoni nikabadilisha maneno na picha. Kwenye kompyuta yangu inapendeza. Juzi nikampelekea mama mwenye gesti, akaifungua kwenye simu yake: herufi ndogo kama sisimizi, picha zinashuka nusunusu mpaka bando likakata. Aliniangalia tu, hakusema neno. Niliona aibu mno. Naombeni mnielekeze: nianze upya na WordPress (ule mfumo wa kujengea tovuti bila kuandika msimbo) au nijifunze HTML, lugha ya kuandikia kurasa, kwanza? Na hivi UX, UI, upande wa mbele, upande wa nyuma, ni watu wanne tofauti? Maana mimi niko peke yangu.

Mwanamtama: Pole mdogo wangu. Usianze upya. Fungua faili lako la HTML, tazama ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya faili, kama kuna mstari huu:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Usipokuwepo, kivinjari cha simu kinadhani ukurasa ni wa kompyuta. Kinauchora kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha kinaubana uenee kwenye kioo. Ndio hao sisimizi wako. Picha je, zina uzito gani?

Kigoda_Tanga: Haupo kweli, dada. Picha nilipiga kwa simu, ziko sita, kila moja MB 4 na ushee.

Mwanamtama: Basi unamshushia mgeni zaidi ya MB 24 kabla hajajua hata bei ya chumba! Punguza upana ubaki pikseli 1200, uzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Squoosh inafanya kazi hiyo bure humohumo kwenye kivinjari. Nyingi zitashuka mpaka KB mia mbili tatu. Halafu kwenye Chrome bonyeza F12, chagua kioo cha simu na mtandao wa polepole, ukae usubiri kama alivyosubiri mama. Ukimaliza hapo, azima simu ya bei ndogo ujaribu tena, kwa sababu kompyuta yako ina nguvu na itakuficha mengi.

Babu_Chumbageni: Kijana, hizo ni kazi nne, lakini mtu mmoja anaweza kuzibeba zote. Wa UX (jinsi mtu anavyoitumia tovuti) anaanza na mgeni: huyu aliyeshuka kwenye basi Muheza, kiza kinaingia, anataka nini? Bei, njia ya kufika, namba ya simu. Basi hivyo vitatu vikae juu kabisa, bustani na bahari vifuate. Wa UI (mwonekano) anachagua rangi, fonti, na kitufe kinachotosha kidole gumba. Na hapa nakuomba sana, usiandike kijivu juu ya nyeupe. Kiwango cha AA cha WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti isomeke na kila mtu, kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na sisi wenye macho ya uzee tunaihitaji kweli.

Upande wa mbele ni HTML, CSS na JavaScript. Wa nyuma ni seva (kompyuta inayoihudumia tovuti) na hifadhidata. Gesti inayopokea oda kwa simu bado haijafika huko. HTML inasema kitu ni nini: hiki kichwa, hii orodha, hiki kiungo. CSS inasema kionekaneje. Ondoa CSS yote uone: ukurasa ukisomeka vizuri toka juu hadi chini, HTML yako iko sawa.

Nahodha_Bin_Seva: Kwenye WordPress, fikiria msimu wa wageni bei zikipanda. Ukiandika kwa mkono, mama atakupigia kila mara umbadilishie namba moja. Kwa WordPress ataingia mwenyewe abadilishe. Ila ina mlango wa kuingilia, lazima uisasishe mara kwa mara, la sivyo wezi wataingia. Kwa kurasa tatu zisizobadilika, HTML tupu inatosha.

Na jina la tovuti, lile la .co.tz, lisajiliwe kwa jina la mama, si lako. Duka letu lilisajiliwa kwa jina la fundi, akahama mji na kwenye simu hapatikani. Jina likaisha muda, tukaanza upya na kila kibao kilichopakwa rangi.

Kigoda_Tanga: Ahsanteni sana wakuu. Nimeweka mstari ule, na picha zote sita sasa hazifiki MB 2. Bei nimezipandisha juu, na namba nimeifanya kiungo cha tel: ili ikiguswa ipige. Leo mama ameifungua akiwa jikoni, akaigusa kwa kidole chenye unga, simu ya mapokezi ikalia. Akacheka, akaniambia niongeze bei ya kifungua kinywa. Jina la .co.tz tunalisajili Jumatatu kwa jina lake.