Jalada la DVD ya harusi: picha inaingia ukungu na jalada halienei kwenye kasha

Mpigapicha wa Pwani

Salaam, wakuu. Ninarekodi video za harusi hapa Tanga, na kwa kuwa wazee wengi bado wana deki sebuleni, karibu kila familia hunitaka niwaandalie DVD kumi au kumi na tano zenye jalada la heshima. Majalada huyatengeneza mwenyewe kwa programu ya GIMP, lakini wiki hii nimekwama.

Picha ya maharusi nilitumiwa na dada wa bibi harusi kwa WhatsApp, nayo ina pikseli 960 kwa 1280. Kwenye kioo cha kompyuta inapendeza, ila nikiivuta ijaze upande wa mbele wa jalada inaingia ukungu, na uso wa bwana harusi umerefuka kana kwamba amekonda ghafla baada ya kufunga ndoa. Nilipopeleka kazi stesheneri, jalada lilitoka dogo: nimelipima kwa rula nikapata milimita 262 kwa upana na 176 kwa kimo, na likitiwa kwenye kasha linacheza, hata maandishi ya mgongoni yanahamia pembeni. Tena kwenye uso wa diski, tundu la katikati limeangukia usoni mwa bibi harusi. Naomba kuelekezwa nilipokosea kabla sijawaonyesha wenye shughuli.

Fundi Kasha

Ndugu Mpigapicha, naona ulianza na picha, kisha ukatafuta jalada la kuizunguka. Anza na jalada. Kasha la kawaida la DVD huchukua karatasi ya milimita 273 kwa 183: upande wa nyuma 129.5, mgongo 14, na upande wa mbele 129.5. Fungua ukurasa mpya wenye vipimo hivyo, ukichagua milimita badala ya pikseli, na uweke nukta 300 kwa inchi, nawe utapata takriban pikseli 3224 kwa 2161. Kisha buruta mistari ya mwongozo kutoka kwenye rula ya pembeni, mmoja uuweke kwenye pikseli ya 1530 na mwingine kwenye ya 1695. Katikati ya mistari hiyo ndipo penye mgongo, na upande wa kulia ndio mbele.

Sasa tazama picha yako. Upande wa mbele unahitaji pikseli 1530 kwa 2161, ilhali wewe una 960 kwa 1280. Ukiivuta mpaka ijae, kila inchi ya karatasi inapata nukta 178 hivi badala ya 300, na huo ndio ukungu unaouona. Hakuna kitufe kitakachorudisha kilichopotea, kwa sababu programu inabuni tu pikseli za kuziba mapengo. Mwombe huyo dada akutumie picha ileile kama faili la hati, si kama picha, maana WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha za kawaida inapozisafirisha. Kama hata yeye alitumiwa, mtafute aliyeshika kamera.

Ukishaipata, usiifungue peke yake na kuinakili. Bonyeza Ctrl, Alt na O ili iingie kama tabaka jipya, yaani kama karatasi ya peke yake iliyolazwa juu ya jalada lako, halafu bonyeza Shift na S kupata zana ya kubadili ukubwa. Hapo pana alama ya mnyororo kati ya upana na kimo. Mnyororo ukiwa umekatika, kila upande unavutika kivyake, na bwana harusi wako alirefukia hapo. Uunge, kisha vuta mpaka kimo kienee. Kitakachozidi kwa upana kisikutie wasiwasi, utakificha.

Ninasema kukificha, si kukikata. Weka kinyago cha tabaka, ambacho pakiwa peusi picha haionekani na pakiwa peupe inaonekana. Mteja akisema shela la bibi harusi limekatwa, unapaka nyeupe na shela linarudi. Ukishakata na kufunga faili, shela halirudi tena. Kazi yenyewe ihifadhi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, ambayo hutunza matabaka yote. JPEG iwe ya mwisho kabisa.

Binti Stesheneri

Nakubaliana na Fundi kuhusu picha, ila udogo wa jalada hautokani na GIMP. Gawanya 262 kwa 273, kisha 176 kwa 183: kote unapata asilimia 96. Jalada linapopungua kwa kiwango kilekile pande zote mbili, ujue printa iliambiwa ilipunguze jalada lienee ndani ya kingo za ukurasa. Mimi nakaa kwenye mashine kila siku na ninayaona haya, maana chaguo hilo mara nyingi huwa limewashwa tangu mwanzo na mteja hana habari. Mwambie anayekuchapia aweke asilimia 100, karatasi ya A4 ikiwa imelala. Ina milimita 297 kwa 210, kwa hiyo jalada lako linaenea na nafasi inabaki.

Nafasi hiyo itumie. Ongeza milimita 3 kila upande, ukurasa uwe 279 kwa 189, na rangi ya mandharinyuma ifike mpaka ukingoni, ili kisu kikiyumba kidogo pasibaki mstari mweupe. Mistari yako ya mwongozo itasogea kulia kwa pikseli 35 hivi. Maandishi na nyuso, kinyume chake, zikae mbali na ukingo.

Vilevile picha za ukumbini usiku hutoka nyeusi kuliko ulivyoziona, kwa kuwa kioo kina mwanga wake na karatasi haina. Rudufu tabaka la picha, fungua viwango vya rangi, usogeze pembetatu ya katikati kushoto kidogo, kisha uchapishe nakala moja kabla ya zile kumi na tano.

Fundi Kasha

Kuhusu diski: ina kipenyo cha milimita 120, lakini usiihesabu yote. Diski nyingi za kuchapishwa huanza kupokea wino kwenye kipenyo cha takriban milimita 23 na kuishia 118, na zipo zinazoanzia 46. Chora duara hizo kwenye tabaka la juu kabisa, kisha isogeze picha chini yake hadi maharusi wakae upande mmoja wa tundu. Picha ya nyuso mbili zilizogusana katikati haifai kwa diski hata ikiwa nzuri namna gani; tumia ya pete, maua au gari. Na stika za karatasi ziache, kwani ikikaa upande kidogo diski hutetemeka ndani ya deki.

Mpigapicha wa Pwani

Nimerudi, wakuu. Kaka wa bwana harusi alikuwa na faili la kamera, pikseli 4000 kwa 6000, nami nimelipunguza badala ya kulivuta. Stesheneri waliweka asilimia 100, rula imesoma 273 kamili baada ya kukata, na mgongo umekaa mahali pake. Kwenye diski nimeweka mikono yenye hina. Mama wa bibi harusi ameongeza oda ya DVD tano, ila anataka jina lake lisomeke mgongoni, na milimita 14 zimeshajaa majina ya maharusi.

Binti Stesheneri

Mweke nyuma, chini ya orodha ya wazazi, kwa herufi kubwa kuliko za wengine.