Fundi wa alamu amenifungia nyumba yangu mwenyewe, na meseji za alamu zinaingia kwa simu yake!!!

Assalam aleykum wadau, niko Lamu, Langoni, na naandika nikiwa na hasira wallahi kwa hivyo mnivumilie.

Mwezi wa sita nilimleta fundi kutoka Mombasa anifungie alamu nyumbani kwa mama. Shilingi 68,000 mkononi, na basi mpaka Mokowe na boti ya kuvuka nikamlipia mimi. Paneli akaiweka kwa kabati la ukutani, kipadi cha kubonyeza namba karibu na daka, sensa mbili za ndani, sumaku za milango mitatu, king'ora nje juu. Akanipa namba ya siri moja, akaniambia ukitoka bonyeza hapa ukirudi bonyeza hapa, akawahi boti. Hayo ndio mafunzo yote niliyopata.

Usiku wa pili tu, saa tisa, mama anashuka ngazi kuchukua udhu, king'ora hicho! Mama ana presha jamani, akakaa pale pale kwa ngazi anashika kifua na mimi natetemeka napiga namba nakosea nachomoa soketi ya paneli wapi, ndio kwanza kinalia, nyumba zetu mnazijua zimegusana mtaa mzima ukaamka mpaka punda wanalia. Baadae ndio nikajisomea mwenyewe kwenye mtandao kumbe kuna kuwasha kwa namna mbili, ya kutoka inaamsha kila kitu, na ya kubaki nyumbani inaamsha milango peke yake zile sensa zinazoshika joto la mtu akipita zinabaki zimelala. Na kumbe ndani ya paneli kuna betri ya volti 12 na king'ora nacho kina betri yake, makusudi mwizi akikata stima kisinyamaze. Kitu kizuri, mimi sikatai, lakini hilo la kumwambia mwenye nyumba linachukua dakika ngapi?? Mama yangu angekufa usiku ule ingekuwaje?

Ikaja mvua. Mlango wa nyuma mbao ikavimba, ubao ukasogea, sumaku ikawa mbali na mwenzake, kipadi kinaandika zoni 3, ndio mlango ule, iko wazi na alamu haikubali kuwaka kabisa. Nampigia ananiambia lazima aje, elfu nane na nauli juu. Nikalipa. Akaja akabonyeza vidole sita saba, kipadi amekikinga na mkono kama yuko kwa mashine ya benki, akairuka ile zoni, alamu iwake bila kuuhesabu mlango ule, kwisha, chai akanywa akaondoka! Yani kuruka zoni moja ni kazi ya mwenye nyumba, ipo kwa kitabu cha mashine, ila inataka namba kuu, na namba kuu hajawahi kunipa. Mimi nina ile ndogo ya kuwasha na kuzima basi. Na juu yake kuna namba ya fundi ya kupanga mashine yote, hio ndio hata kuitaja hataki.

Sasa lililonileta hapa. Jumanne nampigia kumuulizia hizo namba, akanijibu, "Lakini bosi mbona iko sawa, si jana ulizima saa mbili na robo usiku."

Nikanyamaza. Kweli nilirudi saa mbili na robo. Yeye Mombasa amejuaje???

Kwenye paneli kuna laini ya simu, ndio inayotuma meseji alamu ikilia, ikiwashwa, ikizimwa, stima ikipotea. Kredo naweka mimi kila mwezi. Na namba aliyoisajili ipokee ni yake, yangu haimo! Kwa hivyo huyu mtu nisiyejua hata kwao ni wapi anajua saa mama anatoka, saa nyumba ni tupu, na namba za kuzima anazo. Nimenunua ulinzi au nimemuuzia mtu ratiba ya nyumba yangu?

Nimefungua boksi la paneli siku hio hio, king'ora kikalia tena manake kuna kiswichi kinachojua boksi limefunguliwa, kikalia na kilie, laini nimeitoa ninayo mfukoni. Fundi nimemwandikia: namba kuu, namba ya fundi, na afute simu yake mbele ya macho yangu, nauli safari hii juu yake. Amesoma, hajajibu mpaka leo.

Wenye alamu hapa Lamu na Malindi, leo leo zimeni na kuwasha alamu laini ikiwa ndani ya paneli, muone kama meseji inaingia kwa simu yenu, isipoingia muulizeni fundi inaenda kwa nani. Na kama unafungiwa sasa usimalizie baki kabla hujakaa kwa kipadi ukabadilisha namba mwenyewe.

Swali langu kwa wanaojua: nasikia paneli unaweza kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani kwa kugusisha pini mbili ukiwa unawasha upya, lakini fundi akiwa ameifunga hio njia haikubali. Nitajuaje kama ameifunga kabla sijaigusa? Na kuna fundi yeyote wa hapa hapa Amu anayeweza kuja, mama awepo, amuelekeze yeye mwenyewe kitufe kwa kitufe?