Cheti cha kifo cha kaka yangu, alifariki Muyama 2009: niende Kasulu au Buhigwe?

Shangazi wa Mwanga

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa nyie wa Kasulu na Buhigwe, na yeyote aliyewahi kuhangaikia cheti cha kifo cha zamani.

Kaka yangu alifariki Juni 2009 kijijini kwetu Muyama. Aliugua miezi minne. Alilazwa hospitali ya misheni mara mbili, na ile mara ya pili aliomba mwenyewe arudishwe nyumbani. Siku ya sita akafia mikononi mwa mama, alfajiri. Tukamzika kesho yake pembeni ya mibuni, karibu na kaburi la babu. Cheti hatukukiwaza kabisa. Tulikuwa tunatafuta mbao za jeneza na unga wa kulisha watu.

Aliacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mama yake akaja kuolewa tena huko Mpanda, mtoto nikamchukua mimi, nimemlea hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa cherehani. Amemaliza kidato cha sita na amefaulu, anataka kusomea ualimu wa fizikia na hesabu. Sasa tunajaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu na tumekwama kwenye habari za wazazi. Ukisema baba ni marehemu wanataka cheti cha kifo, tena kilichohakikiwa na RITA, ile wakala ya serikali ya usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ninacho, kadi yake ya kliniki ninayo, hata picha za msiba ninazo. Cheti cha kifo sina.

Juzi nilipanda gari mpaka Buhigwe. Kijana wa pale ofisini alinitafutia kwa moyo, akafunua rejesta mbele yangu ukurasa kwa ukurasa, hakuna. Nilipotoka nje mtu mmoja akanifuata hadi kituoni, akaniambia nimpe laki na nusu, kesho kutwa cheti ninacho. Nikamwambia nitafikiri. Na nawaambia ukweli, nimefikiri. Dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na kila jioni nikirudi mtoto ananitazama usoni kabla hata sijavua viatu.

Nianzie wapi? Na kwa kuwa alifia nyumbani, siyo wodini, je cheti kinawezekana?

Mtendaji Mstaafu

Pole sana binti yangu. Nimekuwa mtendaji wa kijiji na baadaye wa kata, yote hayo ndani ya Kasulu ile ya zamani, kwa hiyo acha nikueleze kwa utaratibu.

La kwanza, ulikwenda ofisi nzuri lakini si ya mwaka huo. Wilaya ya Buhigwe imezaliwa 2012, ilimegwa kutoka Kasulu. Kaka yako alifariki 2009, wakati Muyama ni Kasulu. Kifo huandikishwa katika wilaya kilipotokea, na wilaya hiyo ni ile ya siku ya kifo, siyo hii ya leo. Yule kijana asingeweza kumwona hata angefunua rejesta mara kumi. Nenda Kasulu, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uliza dawati la vizazi na vifo. Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili.

La pili, na hili ndilo linalowapoteza wengi. Kifo kuandikishwa ni jambo moja, cheti kuchukuliwa ni jambo jingine. Zamani zetu mtu akifia nyumbani, ndugu mmoja alikuja kwa mtendaji kutoa taarifa. Tunamwandikia, tunampa kibali cha mazishi, na taarifa inapaswa kufika wilayani ndani ya siku thelathini. Familia zikishapata kibali zinazika na kurudi shambani, hazikumbuki tena wilaya. Wengi mpaka leo wanadhani kibali cha mazishi ndicho cheti. Kwa hiyo usiseme kaka yako hana rekodi. Sema hujui nani alikwenda kutoa taarifa. Anza hapo. Mpigie mama usiku huu, muulize ni mwanaume gani wa ukoo alitumwa kwa mtendaji siku ile. Kuna mmoja alitumwa, maana maiti haizikwi kijijini bila mtendaji au mwenyekiti kujua.

Ukimpata, muulize karatasi. Mkikosa karatasi, nenda Kasulu na jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, mwezi na mwaka. Usiende na "mwaka elfu mbili na kitu". Karani mwenye mwezi anafunua kurasa chache, asiye na mwezi anafunua kitabu kizima.

Ikitokea kweli hakuandikishwa, bado njia ipo, ila ni ndefu. Utahitaji barua ya mtendaji wa kijiji ikipita kwa mtendaji wa kata, uthibitisho wa hospitali kwamba alilazwa pale, watu waliokuwepo alipokata roho au kuzikwa, kitambulisho chochote cha marehemu kama kadi ya mpiga kura au cheti cha ubatizo, na kitambulisho chako wewe unayeomba. Vifo vilivyokaa miaka mingi hivi haviishii wilayani, faili huenda kwa Msajili Mkuu. Ndiyo maana nasema tafuta kwanza kama ameshaandikwa.

Na yule mtu wa kituoni muepuke. Kishoka anakuuzia karatasi yenye namba ambayo haimo kwenye rejesta. Ikipelekwa kuhakikiwa inarudi, na jina linaloandikwa kwenye kosa hilo ni la mtoto wako.

Katekista wa Kasulu

Poleni sana familia. Nyongeza ndogo tu. Kama kaka alizikwa na kanisa, parokia ina daftari la marehemu. Huandikwa jina la ubatizo, tarehe ya kufa, tarehe na mahali pa kuzikwa, na aliyeongoza ibada. Nimeona watu wanakuja na mwaka wa kubahatisha, tukifungua daftari tunakuta mwaka uliotangulia. Mwombe padre akuandikie barua yenye muhuri kutoka humo. Hiyo si cheti na Bodi hawataipokea, lakini kwa karani wa wilaya ni ushahidi mzito wa tarehe, kwa sababu iliandikwa wiki ileile.

Kwa wenye kutafuta mababu: madaftari ya kale ya Mapadri Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, yako kwa Kilatini, msikate tamaa. Majina na tarehe vinasomeka bila kujua lugha.

Mtu wa Kaliua

Anachosema mzee kuhusu mipaka ni kweli tupu. Sisi Tabora tulipata shida hiyohiyo kwa babu, alifariki Usinge 2003. Tukazunguka Kaliua wiki nzima tukitafuta cheti cha kufungulia mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kaliua nayo ni ya 2012, kabla ya hapo ilikuwa Urambo. Tulipokwenda Urambo hatukumaliza hata saa mbili. Ila alikuwa ameandikwa kwa jina la baba yake likitangulia, kwa hiyo tafuteni pande zote mbili.

Dada wa Steshenari

Shangazi, mimi najazia watu maombi ya Bodi na ya RITA hapa mjini kila msimu, nakuomba usome hii kabla ya kusafiri.

Ukipata cheti hujamaliza. Kuna uhakiki. Unaingia kwenye eRITA, mfumo wa RITA wa mtandaoni, unafungua akaunti, unachagua uhakiki, unapakia cheti, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, halafu unasubiri majibu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto nacho kinahakikiwa hivyohivyo. Hicho unacho tayari, kwa nini unasubiri? Kianze leo.

Kingine, chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto sasa hivi, soma jina la baba herufi kwa herufi. Jina hilo na la kwenye cheti cha kifo yatalinganishwa. Msimu uliopita nilikuwa na binti ambaye baba yake ni Yohana upande mmoja na John upande mwingine. Tulilia naye hapa dukani.

Shangazi wa Mwanga

Nimerudi. Zimepita siku kumi na mbili na nina mengi ya kuwaambia.

Usiku uleule nilimpigia mama. Alinyamaza kwanza, nikajuta kumkumbusha. Kisha akasema, aliyetumwa ni baba yako mdogo, alikwenda kwa baiskeli ya mwalimu. Baba mdogo naye tumemzika miaka saba iliyopita. Lakini mjane wake yupo, na huyu mama si mtu wa kutupa karatasi. Nilipanda kwake siku ya Jumamosi. Akanitolea mfuko wa saruji uliokatwa nusu na kushonwa kama pochi, ndani mna risiti za kahawa, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, na kitabu cha nyimbo. Tukaketi mkekani tukifungua moja moja. Katikati ya kitabu cha nyimbo kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imechanika mpaka unaona mwanga. Muhuri wa mtendaji umefifia ukawa rangi ya chai. Tarehe inasomeka: 16 Juni 2009. Jina la kaka yangu, na chini yake saini ya baba mdogo, ile saini yake ya kuandika jina zima kwa herufi kubwa. Niliposoma nilimwona ameinama juu ya meza ya mtendaji, kofia kaiweka magotini. Mtoto wa kaka yake amekufa jana, na bado alikumbuka kusaini.

Jumatatu nikawahi gari ya Kasulu. Dawati lina mama mmoja wa makamo. Nilimpa karatasi, mwezi na mwaka kama mzee alivyonielekeza. Akatafuta kwenye F, hakuna. Kaka yangu sisi tunamwita Filimoni, na karatasi ya mtendaji inasema Filimoni. Nikahisi miguu inaishiwa nguvu. Yule mama akanitazama, akauliza, "Alibatizwa?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye Juni, akashuka na kidole mstari kwa mstari, siyo kwa majina bali kwa vijiji. Muyama, Muyama, hapo. Philemon. Umri, jina la baba, tarehe, mtoa taarifa ni baba mdogo. Aliandikwa, ndugu zangu. Kumbe baba mdogo hakuishia kwa mtendaji, alifika Kasulu na baiskeli ile, ndani ya zile siku thelathini. Cheti tu ndicho hakuna aliyekifuata, miaka yote hii.

Nikajaza fomu ya kuomba cheti, nikalipia kwa namba ya malipo, nikapewa siku ya kurudi, na siku hiyo nikakikuta.

Shida ikaja ileile aliyoisema dada wa steshenari. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Filimoni, cha kifo kinasema Philemon. Nikaenda kwa wakili, nikaandikiwa hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja, na nikapeleka nakala ya cheti cha ubatizo ambacho katekista alinisaidia kukipata parokiani. Kila kitu kimepakiwa pamoja. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa umesharudi, huu wa kifo tunausubiri.

Mtendaji Mstaafu, ningekuwa karibu ningekuletea kilo ya kahawa ya nyumbani. Ile laki na nusu nilikuwa nimeshaanza kuikopa.

Jana usiku nilimpa mtoto kile cheti akishike. Alikisoma taratibu, juu mpaka chini, akarudia. Akauliza, "Shangazi, kumbe baba alikuwa na miaka thelathini na moja?" Miaka yote hii sikuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuniuliza.

Mtendaji Mstaafu

Mungu amrehemu huyo baba mdogo, alikuwa mtu makini. Binti yangu, ile karatasi ya mtendaji usiikunje tena kwenye mikunjo ileile. Itie kwenye bahasha ngumu pamoja na nakala mbili za cheti. Nakala moja ipeleke kwa mama kijijini, siku ya mambo ya shamba mtaihitaji.

Dada wa Steshenari

Nimeangalia faili lako asubuhi hii. Picha ya cheti cha kifo mliyopiga kwa simu ina kivuli cha kidole juu ya namba ya ingizo, wanaweza kuirudisha kwa hilo tu. Njoo na cheti chenyewe leo kabla ya saa kumi tukiskani upya, na mtoto aje na namba yake ya kidato cha nne. Hulipi.