Mjadala: Mji ukimkuta mtu kwake, nani ana haki ya kumbomolea?

MWANZISHA MADA, MPAKANI BUSIA, UGANDA
Jirani yangu aliamka juzi akakuta alama ya X nyekundu ukutani. Ameishi humo tangu watoto wake wakiwa wadogo, enzi ambazo upande huu ulikuwa mihogo mitupu. Aliyechora X alimwambia kwa mdomo kwamba barabara mpya inapita hapo. Ramani ya hiyo barabara hakuna hata mmoja mtaani aliyeiona. Karatasi ya kununulia kiwanja anayo, ina muhuri wa LC1, baraza la kijiji. Kibali cha ujenzi hana, hilo silifichi.

Msimamo wangu: baraza lililochelewa kupanga ndilo lilipe, sio mtu aliyekutwa. Nipingeni.

FUNDI MUASHI
Ninakupinga nusu. Sheria ya mipango ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, yaani hujengi bila kibali, kwa hiyo hoja ya "palikuwa shamba" inamsaidia tu aliyejenga kabla ya hapo. Halafu tuseme kweli: mteja nikimwambia apeleke michoro barazani, ananiuliza mbona tunapoteza muda, msingi unachimbwa lini. Tunamwaga zege Jumamosi na Jumapili kwa sababu ofisa hayuko kazini. Na walio kando ya Ziwa Victoria wanajua mita 200 ni za hifadhi. Wanajenga tu, maji yakipanda wanapiga simu redioni.

Ila na kibali chenyewe, jamani! Michoro ilipiwe, ada ilipwe, halafu wakutake uthibitisho wa umiliki. Mtu wa kibanja, anayekaa kwenye ardhi ya mailo, yaani yenye hati ya mtu mwingine, na kumlipa busuulu, ada ya ardhi ya kila mwaka, hati ataitoa wapi?

MWENYE MIZIGO, YAANI VYUMBA VYA KUPANGISHA
Fundi, umesahau kodi ya majengo. Nyumba ukiishi mwenyewe ilisamehewa mwaka 2006, lakini sisi wa mizigo tunalipa. Karani alikuja kwangu akahesabu mlango mmoja mmoja, akauliza na kodi ninayotoza kila chumba. Kibali hakuuliza. Sasa mwaka unaofuata, ofisi ileile, korido ileile, inaniambia jengo langu haramu! Walipokuwa wakihesabu milango waliona nini, kichuguu?

MKAZI WA KAMPALA
Mama, pole, lakini huruma ya namna hiyo inaua. Kumbukeni Kiteezi, Agosti 2024. Mlima wa taka uliporomoka juu ya nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Wangehamishwa mapema, hata kwa nguvu, wangekuwa hai. Baraza lisilothubutu kubomoa ni baraza la mazishi.

MWANZISHA MADA
Ndugu wa Kampala, dampo la Kiteezi lilikuwa la nani? Lilikuwa la mamlaka ya jiji yenyewe. Pale mamlaka ndiyo iliyokuwa ikimwaga taka kila siku, hadi mlima ukazidi. Mfano wako unanisaidia mimi.

MKAZI WA KAMPALA
Hapo umenikamata. Lakini waliojenga kwenye ardhioevu ya Lubigi, hapa Kampala, je? Mafuriko hayaulizi nani alitangulia.

KARANI MSTAAFU WA MAHAKAMA
Vijana, mnachanganya mambo mawili, na katika mchanganyiko huo ndimo watu wanaliwa.

Serikali ikitaka ardhi yako kwa barabara, hiyo ni kutwaa. Ibara ya 26 ya Katiba inasema ulipwe fidia ya haki kabla hawajaichukua. Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo mwaka 2015 katika kesi ya akina Irumba dhidi ya mamlaka ya barabara. Mwaka 2017 serikali ikaleta mswada wa kuibadilisha ibara hiyo ili iingie kwanza, ubishi wa bei ufuate. Watu walipiga kelele, haukupita.

Kubomolewa kwa kukosa kibali ni jambo jingine. Hapo hukutwaliwa kitu, wewe ndiye mkosaji, na fidia hakuna. Sasa kama ningekuwa baraza lisilo na pesa nikitaka njia ya barabara, ningemwandikia jirani yako sababu ipi? Mwambie asibishane na rangi ya ukutani. Adai barua, ionyeshe sheria gani na kosa gani.

FUNDI MUASHI
Mzee, kwa hiyo kibali ndicho kisingizio?

KARANI MSTAAFU WA MAHAKAMA
Mara nyingine ni kosa la kweli. Nyumba inayoangukia jirani ibomolewe, wala sitamtetea mwenyewe. Soma barua kwanza.

MWANZISHA MADA
Nimerudi. Jirani ameipata barua leo mchana, tumeisoma pamoja mara mbili chini ya mwembe. Inasema amejenga bila kibali, ana siku 28 za kubomoa kwa gharama yake. Neno barabara halimo.

Wapimaji wamepita jioni hii. Vigingi vyao vinaingilia jikoni kwake na kutokea upande wa pili.