Korosho isitoke nchini na ganda lake: mnasemaje?

Mwana_Masasi
Wadau, kila msimu tunafunga magunia ya korosho ghafi, meli zinabeba kwenda India na Vietnam, sisi tunabaki kugombania bei ya punje. Punje ni kama robo tu ya uzito. Sehemu kubwa ni ganda, na ndani ya ganda kuna yale mafuta yanayochubua ngozi. Wenzetu wanayakamua, wanayapasha moto hadi asidi anakadiki iliyomo igeuke kemikali ya kadanoli, wanaichanganya na fomaldehaidi, wanapata gundi za viwandani na unga wa breki za magari. Kuna hata rangi za meli. Tunasafirisha malighafi ya kemikali tukidhani ni chakula tu. Hoja yangu: serikali ipige marufuku korosho ghafi kutoka.

Mizani_ya_Haki
Marufuku tena? Mmesahau 2017 jeshi lilipoingia kununua? Viwanda 12 vilijengwa kwa mikopo miaka ya 70 na 80, vingi vikaishia kuwa maghala. Tatizo letu ni ubora. Hao wanaobangua vichochoroni kwa mapipa ndio wanaotuharibia jina, korosho zina masizi kama sufuria ya msibani.

Chikongola
2018, mkuu. Novemba, shilingi 3,300 kwa kilo. Na wakulima wengi walisubiri sana malipo yao. Usiwarushie wengine mwaka usioujua.

Binti_Tandahimba
Nimesoma yote, ila kwenye masizi nimesimama. Mimi ndiye huyo wa pipa. Kipande cha pipa kimetobolewa matundu, kinakaa juu ya mafiga. Ukimwaga korosho, maganda yanatema mafuta, moto unaruka juu ya kichwa, unasimama upande ambao upepo hauji. Unazimwagia mchanga, unapaka majivu vidoleni, unagonga moja moja. Kidole gumba na cha shahada vimekuwa vyeusi, ngozi inavuka kama ya nyoka. Nilipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine ilinikataa mara nne mbele ya foleni. Masizi hayo yamesomesha watoto wawili. Usiyaseme ovyo.

Mizani_ya_Haki
Dada, sikukutaja wewe. Nimesema mfumo.

Binti_Tandahimba
Mfumo hauna vidole, kaka. Mimi ninavyo.

Kijana_wa_Maabara
Samahani niingie hapo. Hicho kinachoruka moto ndicho Mwana_Masasi anachokitafuta. Ukikaanga kwenye pipa, mafuta yanaungua na moshi wake unawasha macho. Ukibangua kwa mvuke, ganda linabaki na mafuta yake, unalikamua kwa mashine ya skrubu na makapi yanarudi kuwasha boila. Kwa hiyo marufuku peke yake haitatoa hata lita moja kama ubanguaji wenyewe haujabadilika.

Chikongola
Swali langu ni jingine. Wa mapipa wanapata wapi korosho, wakati zote zinatakiwa zipite stakabadhi ghalani, yaani ziwekwe ghalani ziuzwe kwa mnada? Si kangomba hiyo, ununuzi wa magendo?

Binti_Tandahimba
Zangu natoa shambani kwangu, mikorosho aliyoacha baba. Usinipe kesi.

Mwali_wa_Newala
Na hata ingekuwa kangomba! Mtoto anarudishwa shule mwezi wa saba, mnada unaanza wa kumi, ushirika unalipa ukijisikia. Mtu akija na fedha mkononi na kibakuli chake, utamwambia asubiri?

Mizani_ya_Haki
Kibakuli hicho kinapima kilo na nusu, mnalipwa ya kilo moja. Mnajiibia wenyewe halafu mnatulilia huku.

Mwali_wa_Newala
Nani kakulilia? Wewe mkorosho umewahi kuupulizia salfa ya kuzuia ukungu hata siku moja?

Fundi_wa_Mikindani
Tupoe jamani. Babu yangu alikuwa akipaka mafuta ya ganda kwenye nguzo za nyumba, mchwa hawakuzigusa. Haya mambo hatuyaanzi leo.

Mwana_Masasi
Ahsante mzee. Turudi kwenye hoja basi. Msumbiji miaka ya 90 Benki ya Dunia iliwabana wapunguze ushuru wa korosho ghafi, viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi. Kizuizi kikilegezwa, kiwanda kinakufa. Nani anapinga hilo?

Mizani_ya_Haki
Mimi napinga. Ukifunga mlango, kiwanda kinakuwa mnunuzi pekee, kitampangia mkulima bei. Huyo Mwali anayenitukana ndiye ataumia wa kwanza.

Mwali_wa_Newala
Sijakutukana, nimekuuliza salfa. Hujajibu.

Kijana_wa_Maabara
Mkulima alipwe na ganda pia, kwa kilo, mbali na punje. Hapo mbishane mpaka asubuhi.

Binti_Tandahimba
Mdogo wangu, hilo ndilo nalitaka. Kama kuna anayenunua maganda mabichi, aseme anachukua kwa bei gani na wapi. Niko tayari kuacha pipa kesho nikipata mashine ya kukatia na glavu zisizotoboka. Hayo niliyokwisha kuyaunguza yamelundikana nyuma ya choo, hata kuku hawayasogelei.

Chikongola
Hujasema shamba lako lina mikorosho mingapi.