Mrejesho: fleti ya kifahari Mji Mkongwe, upande wa Darajani

Ahsanteni nyote. Swali lilikuwa: fleti ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani iliyokarabatiwa, ikaguliwe nini kabla ya kutoa arbuni?

Kasoro kubwa imo ukutani. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, lakini aliyekarabati kapiga plasta ya saruji. Saruji haiachi ukuta upumue: unyevu unanasa ndani, chumvi inasukuma nje, rangi inabambuka. Dawa ni kuibandua saruji yote, kuacha ukuta ukauke (si kwa wiki moja!), kisha kupiga chokaa. Kupaka rangi mpya juu yake ni kuficha ugonjwa tu.

Boriti msizigonge katikati pekee. Huanzia kuoza vichwani, palipoingia ukutani. Choma kwa bisibisi. Ikizama, hiyo ni ya kubadilishwa.

Juu kuna tangi la lita 2,000. Maji peke yake ni tani 2, nalo limewekwa katikati ya boriti. Muuzaji amekubali kulisogeza kwenye ukuta mnene.

Karatasi: aliyesema tuulize kwanza Kamisheni ya Wakfu alisema kweli, kwani nyumba nyingi za mjini ni za wakfu. Hii si ya wakfu. Ila sehemu za pamoja, yaani ngazi, dari na mabomba, hazijaandikwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Kondominiamu ya 2010, yaani sheria ya Zanzibar ya kumiliki fleti ndani ya jengo la pamoja. Hadi ziandikwe, arbuni haitoki.